Odita ni msikilizaji: majibu ya wiki hii

Neno "odita", yaani mkaguzi wa hesabu, asili yake ni nini?
Limetoka kwenye Kiingereza, nacho kilichota Kilatini: audire, kusikia. Uingereza ya zama za kati wengi hawakujua kusoma, hivyo msimamizi wa mashamba ya bwana alisimama, mapato na matumizi yakasomwa kwa sauti, akaulizwa, akajibu. Odita alikuwa msikilizaji. Vikoba vingi vinafanya hivyo mpaka leo: fedha zinahesabiwa mbele ya wanachama, salio linatamkwa, na mkutano unaofuata mnaulizwa kama mnalikumbuka. Kikundi chenu kikianza kusema hesabu ziko kwenye simu ya katibu, daini zisomwe siku hiyohiyo. Msisubiri mgawo wa mwisho wa mwaka.

Na "kagua" ni Kiarabu?
Hapana, ni Kibantu. Cha Kiarabu ni hesabu, na mhasibu.

Mhasibu na mkaguzi si mtu yuleyule?
Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Mhasibu anaandika, mkaguzi anamhoji aliyeandika. Msikiti, kanisa au saccos ikimpa mtu mmoja kazi zote mbili, hapo hakuna ukaguzi, hata kama ni mcha Mungu.

Halmashauri yetu imepata hati safi, mbona zahanati haina dawa?
Kwa sababu hati safi haizungumzii dawa. Inasema taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango na hazina makosa makubwa ya kupotosha. Kama fedha zimeleta manufaa, hilo hupimwa kwa ukaguzi wa ufanisi, wenye ripoti zake. Naumia nikiona viongozi wanapigiwa makofi kwa hati safi na hakuna aliyefungua ukurasa wa hoja, yaani kasoro alizoziandika mkaguzi. Hoja ndizo za kusoma: malipo yasiyo na viambatisho, mapato yaliyokusanywa yasifike benki, mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Mwulizeni diwani wenu hoja ngapi zimefungwa.

Kirefu cha CAG kwa Kiswahili?
Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania. Magazeti hufupisha na kubakiza "Mkaguzi Mkuu", wakati "Mdhibiti" ni kazi kamili: kuidhinisha fedha kabla hazijatoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Ukaguzi huja baadaye, fedha zikiwa zimeshatumika. Andikeni jina lote.