Doa moja kwenye silika si kolesteroli pekee

Swali: Nilitenganisha sampuli ya kolesteroli kwenye sahani ya silika kwa mchanganyiko wa heksani, etha na asidi asetiki wa 80:20:1, nikapata doa moja tu. Kromatografia ya gesi, inayotenganisha viwanja vikiwa mvuke ndani ya safu, yaani mrija mwembamba, imetoa vilele vitatu kwenye grafu. Je, safu yangu imechakaa?

Jibu: Safu iache ilivyo. Hakikisha kwanza kwamba kolesteroli yote iligeuzwa kuwa etha ya trimethilisilili, umbo linalogeuka mvuke kwa urahisi zaidi, kwa kuwa unyevu kidogo tu huukwamisha mgeuko huo, na ile iliyosalia hutoa kilele chake yenyewe. Hilo likiwa sawa, viamini vilele kuliko doa.

Dhana ya kwamba doa moja ni kiwanja kimoja nakutana nayo karibu kila wiki, na inanisikitisha. Mchanganyiko ulioutumia hutenganisha makundi: esta za kolesteroli hupanda juu, trigliseridi hufuata, na fosfolipidi hubaki pale ulipodondoshea sampuli. Lakini kolesteroli na steroli jamaa zake, desmosteroli na kolestanoli, zote zina haidroksili moja (kundi la oksijeni na hidrojeni) kwenye kaboni ya 3, na silika hulishika kundi hilo bila kujali idadi ya vifungo maradufu katika molekuli. Basi zitapanda pamoja hata ukibadilisha uwiano wa viyeyushi mara kumi. Sahani yenye nitrati ya fedha, iliyotunzwa gizani, ndiyo huzitofautisha, hasa zikigeuzwa kwanza kuwa asetati, kwa sababu ioni za fedha hushikana kidogo na vifungo maradufu: kolestanoli isiyo na kifungo hicho hutangulia, kolesteroli yenye kimoja hufuata, na desmosteroli yenye viwili huchelewa.

Wapo wanaowafundisha wanafunzi kwamba kuifanyia kolesteroli fuwele upya mara mbili tatu kwa alkoholi kunatosha. Hakutoshi. Mwanakemia Louis Fieser alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba steroli zinazoandamana nayo haziondoki kwa njia hiyo, akaisafisha kwa kuigeuza kwanza kuwa dibromidi, yaani kiwanja chenye atomi mbili za bromini.

Mazoea haya ya kudhani kwamba kinachoonekana kimoja ni kolesteroli pekee hayaishii kwenye sahani. Kimeng'enya cha kolesteroli oksidesi, kinachotumika katika vipimo vya kawaida vya damu, huoksidisha pia 7-dehidrokolesteroli, steroli nyingine jamaa yake. Hivyo mtoto mwenye ugonjwa wa Smith-Lemli-Opitz, ambaye steroli hiyo imerundikana mwilini mwake, anaweza kupewa majibu yanayoonekana ya kawaida. Daktari anayeshuku ugonjwa huo hana budi kuomba steroli zitenganishwe kwa kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya tungamo, kifaa kinachotambua molekuli kwa tungamo lake, na kila moja ipimwe peke yake.