Una laki saba na unataka kutengeneza biti? Maiki isubiri

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu Mbagala alinisimamisha njiani. Ana laki saba, kazichanga kwa kubeba zege, na anataka kuanza kutengeneza biti za singeli. "Kaka, nianze na maiki au nianze na kinanda?" Nikamwambia vyote viwili visubiri. Tukakaa barazani mpaka saa nne usiku, na haya ninayoyaandika hapa mengi nilimwambia yeye.

Mimi nilianza na maiki. Nilikuwa nimeona picha za studio, nikaamini studio ni maiki. Nikanunua ya kondensa, nikaichomeka kwenye tundu la laptopu, kimya. Muuzaji hakuwa ameniambia kwamba maiki ya aina ile haifanyi kazi mpaka ipelekewe umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) au mikseta. Nikachanga tena miezi mitatu nikapata saundi kadi. Maiki ikawaka, na hapo ndipo nilipokisikia chumba changu vizuri: bati lisilo na dari, feni, mashine ya kusaga ya jirani, watoto wanaocheza rede uwanjani. Kondensa inanasa vyote hivyo. Nusu mwaka ulipita na pesa imekwisha, sina hata biti moja, na biti nilizokuwa nazitamani hazikuhitaji maiki hata kidogo.

Kwa hiyo anza na kompyuta. Laptopu ya mtumba inatosha kabisa, ila angalia vitu viwili kabla hujatoa hela: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Ukiikuta nzuri ina diski ya zamani ile inayozunguka, mpe fundi akubadilishie, utaona tofauti siku hiyohiyo. La tatu ni betri. Umeme ukikatika katikati ya kazi, betri ndiyo inayokupa muda wa kuhifadhi. Mwambie muuzaji aichomoe kwenye chaji mbele yako, ukae nayo nusu saa dukani. Akikataa, nenda duka la pili.

Sasa programu ya kutengenezea biti. Hapa vijana wanapoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote, maana kila mtu ana yake na kila mtu anaapa kwa yake. Kwetu utakuta wengi wanatumia FL Studio, na kuna sababu: imejengwa kuzunguka midundo. Unapanga ngoma kwenye visanduku, unasikiliza, unabadilisha. Ukiinunua mara moja, matoleo yanayofuata unayapata bila kulipa tena. Toleo lake la majaribio ni la bure na halina kikomo cha siku, lakini lina sharti: kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Unachoweza ni kuitoa biti kama faili la wimbo lililokamilika. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Nikianza biti saa mbili usiku, naimaliza usiku huo, au naiacha laptopu imelala bila kuizima. Shida ile ilinifundisha kumaliza biti, na mpaka leo naishukuru.

Kama unataka kitu cha kufungua na kufunga bila sharti hilo, LMMS ni ya bure na inafanana na FL kwa namna ya kupanga midundo, ingawa si ya kurekodia sauti za watu. Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya mtu mmoja ni dola 60. Mwenye iPhone tayari anayo GarageBand bure. Hata BandLab kwenye simu ya kawaida inatosha kujua kama kazi hii unaipenda kweli. Chagua moja, kaa nayo mwaka. Zile kraki, programu za wizi zilizovunjwa kufuli, za kwenye flashi za kuazimana achana nazo. Moja iliniingizia virusi, nikapoteza biti zote za miezi minne, na wenye programu nao ni watu wanaokula jasho lao kama sisi.

Hela inayobaki yote ipeleke kwenye hedifoni, na hapa nataka unisikilize vizuri. Nilikuwa natengeneza kwa sabufa ya nyumbani. Kila biti ikawa na besi tele chumbani, nikawa naipunguza, naipunguza. Siku moja nikampa dereva wa bajaji aipige kwenye spika zake. Besi haipo. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, inagonga kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko. Sabufa ilikuwa inaongeza besi ambayo kwenye biti yangu haimo, na mimi nikawa nairekebisha sabufa badala ya biti. Tafuta hedifoni ya studio yenye waya, ya kufunika sikio lote, isiyotangazwa kwa sifa ya besi kubwa. Sony MDR-7506 ipo sokoni tangu 1991 na bado inatumika studio nyingi duniani, lakini ogopa feki. Ya Bluetooth usiguse kwa kazi hii: unagonga kitufe, sauti inakuja baadaye, na kwa singeli kuchelewa huko kunaua mkono.

Singeli inakwenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Piga hesabu: kwenye 200, kutoka pigo moja hadi lingine ni sekunde 0.3 tu. Ukichukua kiki yenye mkia (mlio unaobaki baada ya kugonga) wa nusu sekunde, nzuri kabisa kwa muziki wa taratibu, kila kiki itaukanyaga mkia wa iliyotangulia, na besi itageuka uji. Ukate huo mkia. Ufupishe mpaka usikie nafasi kati ya pigo na pigo. Hili hakuna kifaa kitakachokufanyia, na kwa spika mbovu hulisikii.

Kinanda kinaweza kungoja kwa sababu vitufe vya kompyuta vinapiga noti. Ukikipata, chenye funguo 25 kinatosha. Ikiwa sauti inachelewa hata kwa hedifoni ya waya, ingia kwenye mipangilio ya sauti upunguze bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa: 1024 inakuchelewesha kama milisekunde 23, na 256 kama 6 tu. Kwenye Windows, weka ASIO4ALL, programu ndogo ya kupunguza kuchelewa huko, ni ya bure. Ala za ziada pia zipo za bure na ni za nguvu kweli. Vital na Surge XT peke yake zitakushughulisha miaka.

Maiki utanunua siku msanii wa kwanza atakapokuja kuingiza sauti. Siku hiyo nunua ya dainamiki, inasamehe chumba, hainasi kelele za mbali kama kondensa, na tundika blanketi mbili nyuma ya anayeimba.

Kijana alinunua laptopu Jumamosi kwa laki nne na nusu, na hedifoni juzi. Jana usiku amenitumia biti yake ya kwanza kwenye WhatsApp, dakika moja na sekunde arobaini. Ina kinanda kama cha taarabu kilichokimbizwa, kitamu sana. Kiki ina mkia mrefu. Nimemwandikia aukate, nangoja airudishe biti.