Mwalimu wa Makete, anzia kwenye rejesta ya darasa lako

Hongera sana mwalimu. Kupata ruhusa ya masomo kwa mwajiri na nafasi ya uzamili Iringa kwa mpigo si jambo dogo. Umesema msimamizi amekurudishia mada yako, "Mambo yanayoathiri ufaulu wa wanafunzi wa sekondari mkoani Njombe", akidai ni pana mno, na hujui uikate wapi. Nafundisha shule ya msingi wilayani Rungwe, na uzamili niliusoma nikiwa kazini, kwa hiyo nakujibu kama mwalimu mwenzako.

Msimamizi wako yuko sahihi. Mada ile itakuletea majibu ambayo kila mwalimu anayo kabla hujatoka nyumbani: uhaba wa walimu, umbali, umaskini, wazazi kutofuatilia. Utagawa hojaji inayouliza kama uhaba wa vitabu unaathiri ufaulu, mtu atatia tiki kwenye "nakubali sana", basi, umemaliza utafiti bila kujua kitu kipya. Tafuta swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, ila unajua mlango wa kubisha ili ulipate.

Mimi nilikuwa na jambo moja linanikera: utoro. Shuleni kwetu tuliamini wote kwamba watoto wanatoroka kwa sababu ya msimu wa shamba. Nikamwomba mwalimu mkuu rejesta za zamani za darasa la tano na la sita, nikawa nakaa nazo ofisini jioni, nyingine kurasa zake zimeshikana kwa unyevu. Nikaweka rula juu ya ukurasa nikawa naishusha siku kwa siku, jina kwa jina. Utoro haukufuata msimu hata kidogo. Ulijipanga kwenye siku ya gulio, mwaka mzima, majina yale yale. Tena wavulana walikosa zaidi siku ya kuamkia gulio, wasichana siku yenyewe. Kwa mtu wa huku maelezo yanakuja haraka: ndizi hukatwa na kusombwa siku moja kabla, kazi ya wavulana, mama akishaenda kuuza, binti anabaki nyumbani na mdogo wake mgongoni. Lakini hayo yalikuwa makisio yangu tu, na kuyapima ndiko kukawa utafiti. Mada ikawa siku za gulio na mahudhurio ya wavulana na wasichana wa madarasa hayo mawili, katika kata mbili. Kila neno humo ningeweza kulionyesha kwa kidole.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi nyingine ya pendekezo la utafiti, rudi shuleni ukaangalie karatasi zilizopo. Rejesta, daftari la wageni, kitabu cha adhabu, orodha ya wanaokula chakula cha mchana. Matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ya kidato cha pili na cha nne yapo mtandaoni shule kwa shule. Yapange ya kata yako ya miaka kadhaa, utaona shule moja inapanda au kushuka tofauti na majirani zake ilhali mazingira ni yale yale, na hapo swali linajileta lenyewe.

Umetaja pia kwamba unafundisha Historia na Kiswahili. Basi una bahati. Mtaala ulioboreshwa wa sekondari umekuja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili katikati ya masomo mengine yanayofundishwa kwa Kiingereza. Kaa nyuma ya darasa moja uone mtoto yule yule anavyouliza maswali kipindi hiki na anavyokaa kimya kipindi kinachofuata. Hilo linaweza kuchunguzwa katika shule mbili tu za Makete na likatosha kwa tasnifu. Ila usiliunganishe na ufaulu wa kidato cha nne kabla wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo hawajafika kidato hicho.

Kuhusu kusoma kazi za wengine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo Kikuu Huria wameweka tasnifu nyingi mtandaoni. Anza na sura ya mwisho, pale mtafiti anapopendekeza tafiti zaidi, ndipo urudi mbele.

Kuhusu sampuli, wenzako watakuletea fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuwahoji, wiki ya kwanza. Haina ubaya: ukiwa na jumla ya watu 400 na ukikubali kosa la asilimia 5, inakupa sampuli ya watu 200. Lakini kama swali lako ni "kwa nini", mazungumzo marefu na wazazi na walimu wachache yatakufaa kuliko hojaji 200. Swali litangulie, hesabu ifuate. Na usifanye utafiti wote kwenye shule unayofundisha. Mwanafunzi wako atakujibu unachotaka kusikia, kwa sababu kesho utamsahihishia daftari.

Kitu ambacho hawakwambii darasani ni kalenda. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inafika kwa mkuu wa shule, na kila meza ina siku zake. Oktoba na Novemba shule za sekondari zimeshikwa na mitihani, Desemba zimefungwa, kisha mvua inaendelea hadi Aprili, na barabara za Makete unazijua wewe kuliko mimi. Ningekuwa wewe ningehesabu kinyumenyume kutoka Julai, shule zikifunguliwa na njia zikiwa kavu: vibali viwe mkononi Mei, pendekezo lipite kabla ya hapo, majaribio ya hojaji yafanyike kwenye shule ambayo haimo katika sampuli.

Kwa msimamizi usiende na mada moja ukisubiri aikubali au aikatae. Nenda na ukurasa mmoja wa ulichokiona kwenye rejesta, hata kama umeuchora kwa mkono, na maswali mawili yaliyotokana nao. Msimamizi akiona takwimu za shule halisi mbele yake, mtaanza kuzungumzia namna ya kukusanya data siku hiyo hiyo.