Usipokee Pasi ya Bure: Ushauri Wangu kwa Anayetaka Kriketi ya India Iendeshwe Vizuri

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Tanga aliyepata nafasi ya kwenda kusoma India. Ameniruhusu niuweke hapa: "Shikamoo kaka. Mimi kriketi naipenda kufa. Lakini tangu watu wafe pale Bengaluru naogopa hata kusogelea uwanja. Pesa wanazo, wachezaji wanao, mbona mambo yao yako vile? Mngekabidhiwa nyinyi mashabiki, mngeendeshaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limefika kwa mwenyewe. Nimesoma India, nimefanya kazi India, na pesa niliyoacha kwenye madirisha ya tiketi ya nchi ile ingetosha kununua pikipiki. Tena natoka Mombasa, kwa watu wanaojua uongozi mbovu unavyoua mchezo. Kenya iliwafunga India kwao Gwalior mwaka 1998, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Wachezaji ndio waliofungwa, ila ugonjwa ulianzia ofisini. Kwa hiyo nikiona watu wanacheza na mali waliyonayo, roho inaniuma.

Kwanza uelewe unayeshughulika naye. Bodi ya kriketi ya India, BCCI, si idara ya serikali. Ni jumuiya iliyoundwa mwaka 1928 na kusajiliwa chini ya sheria ya vyama ya Tamil Nadu, na wanachama wake ni vyama vya kriketi vya majimbo. Haki za kurusha ligi yake ya IPL, ile ya timu za miji, kuanzia 2023 hadi 2027 iliziuza kwa rupia bilioni 483.9. Hapo ndipo penye siri yote. Mapato makubwa yanatoka kwa mtazamaji wa televisheni na simu. Wewe uliyekaa juani tangu asubuhi unaleta kelele za kupamba picha, na kelele hazina uhaba India. Ndiyo maana huwa nawacheka wanaosema tugome kwenda uwanjani. Ukigoma, kiti chako kitakaliwa kabla hujafika kituo cha basi.

Sasa nikupe yangu. Chama chenyewe sikitaji, wala mji, maana hadithi hii utaikuta kwenye miji mingi.

Ilikuwa mechi ya India, ya siku moja. Tiketi zilifunguliwa mtandaoni saa tano asubuhi, sisi tukiwa wanne na simu nne, na muda si muda zimekwisha. Jioni ileile, kwenye kibanda cha chai nyuma ya uwanja, kijana mmoja alikuwa nazo mkononi kama karata, bei mara tano. Tukanunua. Getini askari wakatuvua chupa za maji, betri ya simu, na hata sarafu, eti tutawarushia wachezaji. Kulikuwa na ndoo ya plastiki ya bluu imejaa sarafu mpaka shingoni, na sikuona hata mmoja akipewa risiti. Kiti changu kilikuwa na namba, tena namba nzuri tu, lakini njiwa wa paa lile walikuwa wamekifanyia haja kwa miezi. Tukachana gazeti, tukatandika, tukakaa. Maji ndani yalikuwa yakiuzwa kwenye vifuko vya nailoni, na kufika saa nane yakawa yamekwisha.

Haya yote ningeyameza. Kilichonichoma ni jukwaa la mbele yetu, lenye kivuli na viti vya godoro, ambalo nusu nzima ilikuwa tupu. Tupu tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, kwenye mechi iliyotangazwa kwamba tiketi zimekwisha! Nikamwuliza mzee wa karibu yangu, mtu aliyekuja na mjukuu wake, wale ni nani wasiokuja? Akanijibu bila kugeuka, macho kwenye mchezo: "Wale hawanunui, beta (yaani mwanangu). Wale wanapewa."

Toka siku hiyo nikawa mtu mwingine. Tuliunda kikundi, wanafunzi na vijana wa maofisini, wengi wao Wahindi na mimi mgeni wao. Tukawa kila mechi tunapiga picha za lile jukwaa kutoka viti vyetu. Halafu tukaandika barua moja ya ukurasa mmoja kwa chama, yenye swali moja: katika viti vyote vya uwanja huu, ni vingapi viliuzwa kwa umma? Barua niliitunga mimi. Sisemi kwa kujisifu, lakini ilikuwa barua safi, hadi leo naisoma na kutikisa kichwa.

Siku za kusubiri naziruka, hazina utamu. Jibu lilipokuja halikuwa barua. Lilikuwa bahasha ya pasi za bure za mechi iliyofuata, za jukwaa lilelile la kivuli, na salamu kwa mdomo kwamba chama kinawathamini sana vijana wenye mapenzi na mchezo.

Nilisema tuzirudishe. Tukabishana usiku kucha. Nusu ya kikundi wakasema tuingie, tukaone kwa ndani, tutapiga picha nzuri zaidi. Wakaingia. Walikula chakula cha bure na wakapiga picha na waheshimiwa. Rafiki yangu mkubwa alikuwa miongoni mwao, na tangu siku hiyo hakuuliza tena swali lolote. Mpaka leo msimu ukianza namwona mtandaoni, miwani ya jua, pasi shingoni, jukwaa lilelile. Huwa sibonyezi kupenda. Kikundi kilikufa bila mazishi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiusahau mwingine wote huu ushike: usipokee pasi ya bure. Wengi wanadhani pasi ni zawadi ndogo, karatasi tu. Ndugu zangu, kwenye vyama vile pasi ni sarafu. Ushahidi wa hadharani upo. Mwaka 2018, katiba mpya ya BCCI ilipotaka asilimia 90 ya tiketi ziuzwe kwa umma na za bure zisizidi asilimia 10, mechi ya India na West Indies iliyopangwa Indore ilihamishiwa Visakhapatnam kwa sababu ya ugomvi wa hizo tiketi za bure. Mechi nzima! Watu wa Indore wakakosa kumwona nyota wa India Virat Kohli akifikisha mikimbio (ndiyo alama za kriketi) 10,000 ya maisha yake kwenye mechi za siku moja, na siku hiyo kubaki na 157 bila kutolewa, kwenye mechi iliyoisha sare ya 321 kwa 321. Kosa la shabiki wa Indore lilikuwa lipi? Na pale Bengaluru tarehe 4 Juni 2025, siku moja baada ya timu yao kutwaa IPL kwa mara ya kwanza, watu walikuwa wanatangaziwa gwaride na pasi chache za bure siku hiyohiyo. Uwanja unachukua watu wapatao 35,000. Umati uliofika ulikuwa mara nyingi ya hao. Watu 11 hawakurudi nyumbani.

Usidhani hakuna waliojaribu kurekebisha. Baada ya kashfa ya IPL ya mwaka 2013, wachezaji kukamatwa kwa kupanga matukio ya mechi na mkwe wa rais wa bodi kukamatwa kwa kamari, Aditya Verma wa chama cha Bihar alikwenda mahakamani akiwa karibu peke yake. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa kamati ya Jaji Lodha ya kuirekebisha bodi. Julai 2016 Mahakama ya Juu ikayakubali mapendekezo yake mengi: jimbo moja kura moja, kiongozi mwisho miaka 70, mawaziri wasishike nafasi, kiongozi apumzike kati ya vipindi. Waliokaidi wakaondolewa Januari 2017, bodi ikawekwa chini ya wasimamizi. Halafu, kama ilivyo kawaida ya binadamu, kamba ikalegezwa taratibu. Mwaka 2018 vyama vya zamani kama Mumbai vikarudishiwa kura zao, na mwaka 2022 mapumziko ya lazima yakasogezwa mpaka mtu aweze kukaa miaka 12 mfululizo, sita jimboni na sita kwenye bodi.

Sibezi. Bihar ilikaa miaka mingi bila kucheza Kombe la Ranji, mashindano ya majimbo, tangu Jharkhand imeguke na kuwa jimbo lake, ikarudishwa msimu wa 2018, na Januari 2024 ikamchezesha Vaibhav Suryavanshi akiwa na miaka 12. Mwaka uliofuata, mtoto huyohuyo alipiga mikimbio mia moja kwenye IPL kwa mipira 35. Bila mahakama, angekuwa anatafuta jimbo la watu la kumchukua.

Lakini soma katiba ile kwa macho ya shabiki. Baraza kuu la bodi lina watu tisa: viongozi watano, mmoja wa kuchaguliwa na wanachama, wawili wa chama cha wachezaji, mwanamume na mwanamke, na mmoja kutoka kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa serikali. Shabiki hayumo. Tungekabidhiwa sisi, ningemweka wa kumi, achaguliwe na walionunua tiketi, na kazi yake iwe moja tu: baada ya kila mechi, hesabu ya viti ibandikwe hadharani. Vingapi viliuzwa, vingapi viligawiwa, kwa nani.

Mengine yangefuata yenyewe. Ratiba, kwa mfano. Kombe la Dunia la 2019 kule Uingereza ratiba ilitoka zaidi ya mwaka mmoja kabla. La India mwaka 2023 ratiba ilitoka tarehe 27 Juni kwa mashindano ya tarehe 5 Oktoba, kisha mwezi wa nane mechi tisa zikabadilishwa, ikiwemo ya India na Pakistan iliyowahishwa siku moja. Mtu alishakata ndege, alishalipa hoteli ya Ahmedabad! Mechi ya ufunguzi ikachezwa kwenye uwanja wa watu 132,000 huku viti vingi vikiwa wazi. Na Pune, Oktoba 2024, siku ya kwanza ya mechi ya Test, ile ya siku tano, na New Zealand, maji ya kunywa yaliwaishia watu juani hadi wakapiga kelele za kukilaani chama. Kiongozi anayejua kwamba kesho ataonyesha hesabu ya kila kiti atajua pia nani amekalia hicho kiti, na kama ana maji.

Kuna wanaotaka mechi za Test zipelekwe kwenye viwanja vitano tu, kama Kohli alivyopendekeza mwaka 2019. Mimi hapana. Hiyo ni raha ya wachezaji na ya watu wa miji mikubwa. Vyama vinaweza kujaza viwanja vikitaka. Kombe la Dunia la wanawake la 2025 tiketi zilianzia rupia 100, na siku India inalichukua pale Navi Mumbai, tarehe 2 Novemba, uwanja ulikuwa umefurika.

Ushauri wa pili: anza na chama cha jimbo, achana na makao makuu ya bodi kule Mumbai. Wale watakwambia tiketi ni mambo ya chama kinachoandaa. Ni kweli, ni ya chama. Basi muulize mwenye mali. Muulize kwa maandishi, muulize swali moja, usichanganye na uteuzi wa timu wala nani awe nahodha. Ukiingiza la nahodha wamekupata, mtazungumza nahodha mpaka kiyama.

Na usipoteze nguvu zako kwenye sheria ya haki ya kupata habari. Mwaka 2018 tume ya habari iliamua kwamba BCCI inabanwa nayo, bodi ikakimbilia mahakama ya Madras kuupinga uamuzi huo. Tena wewe ni mgeni, sheria yenyewe inampa haki raia.

Mlango ulio wazi ni mwingine, na katika mashabiki niliowahi kukutana nao ni wachache mno wanaoujua. Katiba ileile ya 2018 inamtaja msuluhishi huru wa malalamiko, na inasema mtu yeyote wa umma mwenye lalamiko kuhusu tiketi, kuingia uwanjani au huduma za uwanjani anaweza kulipeleka kwake moja kwa moja. Hahitaji kuwa mwanachama wa kitu chochote.

Kwa hiyo ukifika, mdogo wangu, nunua tiketi yako. Usitupe kipande chake. Piga picha ya kiti ulichopewa kabla hujakifuta, na ya jukwaa la kivuli saa za mwanzo na za mwisho, saa ionekane. Barua iwe ya ukurasa mmoja, nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikipita wiki mbili kimya, kusanya vyote umpelekee msuluhishi. Na ikija bahasha, usiifungue peke yako. Iite kamati yenu nzima, mwandike majina ya waliokuwepo, mwirudishe palepale mkiwa pamoja. Sisi tulilala nayo usiku mmoja, asubuhi tukaamka vikundi viwili.