Pampu inanguruma, maji hayatoki

SWALI: Nina pampu ya kuzama kwenye shimo la chumba cha chini ya ardhi. Mwezi uliopita nilibadilisha vali ya njia moja, ile inayozuia maji ya bomba yasirudi shimoni. Mvua ilipokuja pampu ikanguruma kama kawaida, lakini maji yakazidi kupanda. Je, imekufa?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Mngurumo ni wa mota tu, haukuambii kama maji yanakwenda. Kwa kuwa shida imeanza baada ya kugusa vali, anzia hapo. Mshale uliochorwa kwenye vali lazima uelekee juu, yaani kutoka kwenye pampu kwenda nje. Ukielekea chini, pampu inasukuma mlango uliofungwa.

Mshale ukiwa sawa, mshuku hewa. Shimo likikauka, hewa huingia ndani ya pampu. Maji yanaporudi, hewa hiyo hunaswa chini ya vali, kwa sababu maji yaliyosimama juu yake yanaikandamiza isifunguke. Mapanga yanazunguka kwenye hewa, na hewa haina nguvu ya kuinua kitu. Tiba ni tundu la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba, kati ya pampu na vali, sentimita chache juu ya mdomo wa pampu. Litoboe kwa mshazari ili mchirizi uangukie shimoni. Pengine bomba lako la zamani lilikuwa nalo, ukakata kipande kipya bila kulirudishia. Pampu nyingine huja na tundu hilo kwenye mwili wake, basi soma kijitabu chake kabla ya kushika drili. Na ukiona mchirizi unaruka hapo pampu ikifanya kazi, usiuzibe. Watu wengi hudhani ni bomba linavuja.

Bado haitoi? Chomoa plagi, itoe pampu, usafishe chujio la chini: kokoto, nyuzi, utelezi wa rangi ya kutu. Ishike kwa mpini, kamwe si kwa waya. Waya ukivutwa hulegea pale unapoingia kwenye mota, na maji hupenya. Unapoirudisha, isimamishe juu ya tofali ili isinyonye tope, na uhakikishe boya, yaani kielea kinachowasha na kuzima pampu, linapanda na kushuka bila kugusa ukuta wa shimo. Boya lililokwama ni kosa dogo linalofurikisha vyumba vingi.

Kisha mimina polepole ndoo ya lita 20, uongeze nyingine kama boya halijainuka. Pampu iwake yenyewe, ipunguze maji, izime yenyewe. Mtu mwingine awe nje, kwenye mwisho wa bomba, ashuhudie maji yakitoka. Rudia jaribio hili kila baada ya miezi 3, na kabla ya msimu wa mvua.

SWALI: Yangu inawaka kila baada ya dakika chache hata siku kavu. Ni vali?

JIBU: Sikiliza pampu ikishazima. Kishindo kimoja ni vali inafunga. Maji yakisikika yakiteremka kwa sekunde kadhaa, vali haifungi. Lakini piga hesabu kwanza: bomba la inchi 1.5 hubeba takriban lita 1.1 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 zikirudi zote ni kama lita 3.4. Kwenye shimo la kipenyo cha sentimita 45, hizo hupandisha maji sentimita 2 tu. Kwenye shimo la sentimita 30 ni karibu 5, na hapo boya la mwendo mfupi laweza kuwasha tena.

Kama shimo lako ni pana, tazama nje. Bomba linalomwaga karibu na ukuta linarudisha maji yaleyale. Lipeleke angalau mita 3, kwenye mteremko. Halafu funga vali kuu ya maji ya nyumba kwa saa moja. Pampu ikipunguza kuwaka, kuna bomba la nyumba linalovuja chini ya sakafu.

SWALI: Umeme ukikatika, betri ya gari itatosha?

JIBU: Kwa dharura moja, ndiyo. Ukiimaliza chaji mara kadhaa itaharibika. Nunua ya aina inayotumika kwenye sola. Pampu ya akiba ya volti 12 inayovuta ampea 10, ikifanya kazi robo ya muda, hutumia wastani wa ampea 2.5. Betri ya asidi ya saa-ampea 100, ukitumia nusu yake tu, itakupa saa 20 hivi. Boya la pampu ya akiba liwe juu kidogo kuliko la pampu kuu. Zikichangia bomba moja, kila pampu iwe na vali yake, la sivyo maji yanayosukumwa na moja yatarudi shimoni kupitia nyingine.