Mnaoanza kazi ya rekodi za mvua, sifuri na tupu si kitu kimoja

Wale mmeanza kusoma data za hali ya hewa mwaka huu, nawaomba kabla hata hamjafungua R, ile programu ya takwimu, mkae na hizo namba kwanza. Mtu anapewa faili ya miaka 50 ya stesheni moja, mvua ya kila siku na joto la juu na la chini, na jioni hiyo hiyo ashachora grafu ashaandika mvua inapungua.

Mimi nilipoanza nilipewa faili iliyokuwa imeshachapwa kwa kompyuta na kulikuwa na Aprili moja yenye sifuri siku zote 30. Aprili, katikati ya mvua ndefu! Nikaiacha tu, trendi ikashuka na nikaiamini. Mzee mmoja aliyepima mvua miaka mingi ndiye aliniambia niende nikaone daftari lenyewe. Kufungua ukurasa ule, hakuna namba hata moja, ni vistari tu kutoka juu mpaka chini na pembeni kwa wino wa bluu mtu ameandika kipima mvua kimetoboka. Aliyechapa aliona hakuna namba akajaza sifuri. Nikapata kurasa zingine tatu za hivyo, zote za miaka ya mwisho mwisho, na nilipoziweka kama data iliyokosekana ule mshuko wangu karibu wote ukaisha. Kwa hivyo ombeni kuona daftari, hata picha tu ya simu, na mkikuta 999 au -99.9 mjue hiyo ni alama ya kukosekana, si mvua.

Mvua hupimwa saa tatu asubuhi, sasa ile iliyonyesha jana usiku inaandikwa leo ama jana? Uliza, manake ukilinganisha na data ya satelaiti kama CHIRPS, inayoanza 1981, siku zinaweza kupishana na utadhani satelaiti imekosea. Vitabu vya zamani navyo viko kwa inchi, inchi moja ni milimita 25.4.

Halafu angalia unaanzia wapi na unaishia wapi. Mvua fupi ya 1997 ilikuwa ya El Niño, kubwa mno, na ya 2019 pia ilikuwa kubwa, so ukianza na mojawapo ama ukaishia hapo mstari unavutwa. Mvua ndefu nayo ukikatia 2011 inaonekana inapungua, ukiongeza 2018 na 2020 hadithi inabadilika. Jaribu miaka tofauti tofauti na uonyeshe wasomaji zote, hata zile zinazokuharibia hoja. Mann-Kendall na mteremko wa Sen, hesabu za takwimu za kupima kama kuna trendi na ni kali kiasi gani, ni nzuri lakini hazijui kipima mvua kilitoboka.

Kwa joto la Nairobi kuweni waangalifu zaidi. Saruji na lami hushika joto mchana zikaliachilia usiku, hivyo joto la chini likipanda kwa stesheni iliyozungukwa na maghorofa, sehemu yake ni mji umekua. Tafuta stesheni ya mashambani ulinganishe, na uliza kama hiyo yako imewahi kuhamishwa na ni mwaka gani.

Na mkipata ruhusa nendeni stesheni asubuhi moja mkasimame na mpimaji, muone anavyomimina maji kwa ile glasi nyembamba, anainama mpaka jicho liwe sawa na maji ndio anaandika. Anafanya hivyo hata siku ya Krismasi, na hizo ndizo namba mnazofuta kwa sekunde moja mkiziona za ajabu.