Chura wa Kihansi na umeme wetu

Ndugu yangu, umeuliza chura wa Kihansi anatusaidia nini sisi wa Dar mpaka agharimiwe. Umeme tunaoutumia unahusika! Porini hajapatikana kwingine duniani ila korongo la Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa hapa Tanzania. Ana rangi ya manjano, hafiki sentimita 3, na hatagi: anazaa vitoto vilivyokamilika, jambo adimu mno kwa vyura. Uhai wake ulikuwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa kuzalisha umeme mwaka 2000, manyunyu yakapungua sana. 2009 akatangazwa kutoweka porini. Bahati nzuri wengine walishapelekwa Marekani kuzalishwa. 2010 baadhi wakarudishwa hapa hapa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako mabomba yanawanyunyizia maji. Gharama hiyo ni halali yao kabisa.